Mbuzi Wenye Alama ya Buluu

Kila Jumamosi asubuhi, kazi ya Mbithe ilikuwa kusoma simu.

Wengine walikuwa na kazi zao. Wanawake wa mwethya, yaani lile kundi la majirani wanaolimiana mashamba kwa zamu, walishika majembe kabla jua halijawa kali, wakachimba matuta ya kuzuia maji kwenye miteremko ya Kangundo. Jumamosi hii walikuwa kwa huyu, Jumamosi ijayo kwa yule. Jua lilipopanda walilaza majembe, wakanawa mikono na kuketi nyuma ya jikoni kwa mwenye shamba. Sufuria ya isyo, mahindi na maharagwe yaliyoiva pamoja, ililetwa ikiwa bado inatoa mvuke. Kila mtu aliposhika sahani yake, Susu Kalekye, bibi aliyekuwa mwenyekiti wao, aligeuka.

"Haya, msomaji wetu," alisema. "Simu inasema nini leo?"

Huyo msomaji alikuwa Mbithe, msichana wa miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa gredi ya saba. Simu yenyewe ilikuwa ya mama yake, Mwongeli. Kioo chake kilikuwa na ufa uliokatiza kutoka pembe hadi pembe, lakini kilifanya kazi. Wanawake wengi wa kundi walikuwa na simu ndogo za vitufe, na macho ya Mwongeli yaliumia akisoma maandishi madogo. Kwa hiyo simu hiyo moja ndiyo iliyokuwa gazeti na runinga ya mwethya nzima.

Mwanzoni Mbithe aliwasomea habari za mvua. Aliwasomea bei ya parachichi sokoni, na siku ambayo kliniki ingepima watoto. Wanawake walitikisa vichwa, wakashukuru, wakaendelea kula.

Halafu siku moja simu ilileta video ya nyoka aliyechomoza kutoka kwenye gunia la unga.

"Uuuwi!" wanawake walipiga kelele, kisha wakacheka. "Rudisha, Mbithe! Hebu rudisha nami nione!"

Mbithe alirudisha. Simu ilitoka mkono huu ikaenda mkono ule, na kila aliyeipokea alitaka ianze upya. Hakuna aliyekuwa amewahi kuirudisha habari ya mvua.

Jumamosi iliyofuata simu ilileta nyoka mwingine. Baadaye ikaleta mchele wa plastiki, kisha nyanya zilizodungwa dawa, kisha mwanamume aliyedai kwamba mkate unatiwa unga wa mbao. Mbithe hakujua imekuwaje, lakini habari za mvua na za parachichi ziliteremka chini, chini kabisa, mpaka zikapotea.

Naye akaanza kushuku kila kitu. Aliloweka mkate ndani ya maji aone kama utaelea kama ubao. Aliinua mayai juani akayachungulia kwa jicho moja. Maziwa ya dukani aliyanusa mara mbili kabla ya kuyatia kwenye chai.

"Wewe utalala njaa kwa uchunguzi," mama yake alimtania. Lakini Mwongeli naye alikuwa ameacha kununua kabichi zilizo kubwa kupita kiasi. Alipita kando yazo akizitazama kama mtu anayempita mbwa asiyemjua.

Ndipo ikaja video ya mbuzi.

"Ndugu zangu, sikieni!" mwanamke asiyeonekana alilia ndani ya simu. "Ukiona mbuzi ana alama ya buluu mgongoni, kimbia! Huyo amedungwa sumu ya kumnenepesha. Ukinywa maziwa yake, figo zako zimekwisha!" Mbuzi mweupe mwenye pembe iliyovunjika aliyumba, akapiga magoti, akaanguka.

Nyuma ya jikoni vijiko vilisimama kwenye sahani. Simu ikaanza safari yake ya mkono kwa mkono, na kila mwanamke akamtazama mbuzi yule akianguka upya.

Habari ile iliwagusa kuliko nyoka na mchele. Kundi lilikuwa limejinyima kwa muda mrefu ili kila mwanachama apate mbuzi wa maziwa wa kuongeza kwa wale wa kienyeji waliokuwa nao, na mbuzi wenyewe walikuwa karibu kufika. Mwuzaji wao alikuwa Mzee Abukar, mfanyabiashara wa mifugo aliyekuwa na boma lake karibu na soko tangu kabla Mbithe hajazaliwa. Alizungumza Kikamba vizuri kuliko vijana wengi wa hapo. Binti yake, Hani, aliketi dawati moja na Mbithe.

"Labda ni mtu mmoja tu mwenye chuki zake," alisema Mwongeli bila uhakika.

Lakini siku zilizofuata simu ilileta video nyingine ya mbuzi wa buluu, na nyingine, na nyingine tena. Sauti zilikuwa tofauti. Wengine walilia, wengine walifoka, mmoja aliomba dua.

"Mwaitu, si mtu mmoja," Mbithe alimwambia mama yake. "Ni watu kumi na zaidi. Watu wote hao watakosea vipi?"

Jumatatu baada ya masomo, Mwongeli alimpa Mbithe simu apite dukani kununua kredo. Kutoka dukani, Mbithe alikata njia ya nyuma ya soko ili ampitie Hani wakafanye zoezi la hisabati pamoja. Boma la Mzee Abukar lilizungukwa na ua wa mnyaa, na upande wa nyuma palikuwa na tundu ambalo wasichana hao wawili walilitoboa walipokuwa wadogo. Hapo ndipo walipopitishiana matunda, barua za mchezo na siri. Mtu mwingine hakulijua.

Mbithe aliinama kwenye tundu amwite rafiki yake. Mdomo wake ukabaki wazi.

Ndani ya boma, Mzee Abukar alikuwa amemshika mbuzi kwa pembe. Kando yake alisimama mwanamume mgeni aliyevaa gambuti, miguuni pake pana kisanduku cha buluu kilichofungwa vizuri. Mgeni alitoa sindano kisandukuni, akaishindilia kwenye shingo ya mbuzi. Mbuzi akalia. Kisha mgeni akachukua mkebe, akautikisa, *shhh*, na alama ya buluu ikatokea mgongoni.

Mbithe aliitoa simu, akaipenyeza kwenye tundu, akapiga video ya mbuzi aliyefuata. Hakumwita Hani. Alirudi nyuma kinyumenyume, kisha akatimua mbio.

Njiani aliituma ile video kwenye kundi la simu la kijiji, walimokuwemo watoto wa wanawake wa mwethya na wauzaji wengi wa sokoni. Chini yake akaweka sauti yake mwenyewe, huku akihema: "Nimeona kwa macho yangu. Ni hapa hapa kwetu. Ni wale mbuzi wetu!"

Mama yake aliposikia alifunika mdomo kwa mikono yote miwili. "Abukar? Abukar huyu huyu?"

Kabla jua halijatua, Susu Kalekye alikuwa amekwisha kutoa uamuzi. Mwethya isingechukua mbuzi hata mmoja.

Siku ya soko ilipofika, Mzee Abukar aliwapanga mbuzi wake mahali pake pa kila mara. Wateja walikuja, wakazunguka nyuma, wakaona buluu, wakaondoka. Mmoja alitema mate chini. Mzee Abukar alimfuata akamuuliza, "Rafiki yangu, kuna nini?" Yule mtu akaongeza mwendo bila kujibu. Mzee alirudi na mbuzi wake wote nyumbani.

Shuleni nako habari ilifika, ikaingia na meno yake.

"Niaje, Hani wa wino?" kijana mmoja aitwaye Wathome alidakia asubuhi. "Leo umetuletea maziwa ya buluu?"

"Meee!" wenzake walilia nyuma ya darasa. "Meee! Figo zangu!"

Hani alifungua kitabu chake, akautazama ukurasa uleule mpaka kengele ikalia. Wengine walipotoka kwenda kucheza, alimgeukia Mbithe.

"Umeiona ile video?"

"Ipi?"

"Mbithe, usiniulize ipi."

Mbithe alishughulika na kalamu yake. "Nimeiona."

"Mimi nimetumiwa video tupu, bila sauti wala jina, nikaitazama vizuri sana," Hani alisema polepole. "Upande wa kushoto kuna tawi la mnyaa lililopinda, lile tulilolifunga kamba tukiwa gredi ya pili. Video imepigwa kwenye tundu letu." Akafunga kitabu chake. "Nani analijua tundu letu?"

Mbithe aliiweka kalamu chini. Angeweza kusema.

"Sijui," alijibu. "Labda kuna mtu aliligundua."

Hani hakulia wala hakupaza sauti. "Baba anasema tukirudi tena kutoka sokoni na mbuzi wote, tutahamia Athi River kwa mjomba," alisema. "Nilitaka kukwambia wewe kwanza kabla ya wengine. Basi." Akakusanya vitabu vyake, akaenda kuketi dawati la mbele, peke yake.

Siku nzima ile nusu tupu ya dawati ilimtazama Mbithe. Alijaribu kujipa moyo. Kama mbuzi wana sumu kweli, basi yeye ameokoa watu. Kama mbuzi wana sumu. Lakini kama... Hapo wazo lilikatika, maana hakutaka kulifuata mpaka mwisho wake.

Baada ya kipindi cha mwisho alimfuata mwalimu wao wa darasa, Mwalimu Musembi, kwenye veranda. Alitaka mtu mzima amwambie kwamba hakukosea.

"Mwalimu, ile habari ya mbuzi wa buluu. Si ni kweli?"

Mwalimu Musembi alikuwa akifuta chaki mikononi. "Kwa nini unaniuliza mimi?"

"Kwa sababu... kwa sababu ni mimi niliyeipiga ile video."

Mwalimu aliacha kufuta. Hakugomba. Mbithe alitamani angegomba, ingekuwa rahisi zaidi. "Kesho ukimaliza masomo," alisema, "njoo na mama yako. Na simu."

Kesho yake waliketi watatu darasani, viti vimevutwa pamoja, simu ikiwa katikati ya dawati. Mwongeli alikuwa bado amejifunga leso ya shambani.

"Nitasema ukweli," Mwalimu alianza. "Mambo ya mbuzi siyajui. Mimi nimezaliwa Mavoko, mbuzi namfahamu akiwa kwenye sahani. Kwa hiyo tutafute pamoja. Mbithe, nionyeshe hao watu kumi mama yako aliowataja."

Mbithe alicheza video ya kwanza. Mbuzi aliyumba, akaanguka.

"Usisikilize sauti. Mtazame mbuzi tu. Ana nini?"

"Ana pembe iliyovunjika."

"Haya, ya pili."

Mbithe alicheza ya pili. Sauti ilikuwa ya mwanamume mwenye hasira. Mbuzi alikuwa mweupe, pembe imevunjika. Akacheza ya tatu. Pembe ileile. Katika ya nne pembe iliyovunjika ilikuwa upande wa pili, na kwa sekunde moja Mbithe alipata nafuu. Lakini ukuta wa nyuma ulikuwa na maandishi, nayo yalisomeka kinyumenyume, kama mtu anayasoma kwenye kioo. Mtu alikuwa ameigeuza picha tu.

"Ngoja kwanza," Mwongeli alisema, akiinamia simu mpaka pua ikakaribia kioo. "Yaani ni mbuzi mmoja aliyekufa mara kumi?"

"Na alama yake ya buluu?" Mwalimu aliuliza. "Mnaiona mgongoni?"

Walitazama tena. Mgongo wa yule mbuzi ulikuwa mweupe kama pamba. Hakuwa na alama yoyote. Walikuwa wameambiwa anayo, nao wakaiona.

Mwalimu alitoa simu yake mwenyewe, akaifungua kwenye mtandao uleule, akaiweka kando ya ile yenye ufa. Simu yake ilionyesha utabiri wa mvua, tangazo la mashindano ya uandishi kwa wanafunzi, mtu aliyefundisha kurekebisha baiskeli, na mpira, mpira mwingi. Hapakuwa na nyoka hata mmoja.

"Kijiji ni kimoja na mtandao ni mmoja," alisema. "Kwa nini habari ni tofauti?"

"Labda simu yetu imeharibika," Mbithe alinong'ona.

"Haijaharibika. Ukitazama kitu mpaka mwisho, simu inahesabu. Ukikirudia, inahesabu tena. Inasema, aha, mwenyewe amekipenda, nimletee vingine kama hiki. Haijui kuwa mlikirudia kwa hofu. Yenyewe haitofautishi hofu na mapenzi."

Mbithe akaikumbuka simu ikitoka mkono huu kwenda mkono ule nyuma ya jikoni. *Rudisha nami nione. Rudisha.* Wanawake wote wa mwethya walimtazama yule mbuzi kwa zamu, kila mmoja akianza upya, na simu ikadhani ni mtu mmoja aliyelewa kwa hamu ya mbuzi wanaoanguka.

"Sasa," Mwalimu alisema, "hapa kwetu, nani anaweza kujua kwa nini mbuzi anadungwa sindano na kupakwa rangi?"

"Ofisi ya mifugo," Mwongeli alijibu papo hapo. Kisha akashika shavu. "Na iko pale pale njia ya soko! Mbona hatukuuliza?"

Mbithe alilitafuta jina la ofisi hiyo. Ukurasa wao ulikuwepo, tena mama yake alikuwa ameufuata tangu mwaka uliopita. Alisukuma chini kidogo, na pale akamkuta. Alikuwa mwanamume wa gambuti, na kisanduku chake cha buluu, akitabasamu kando ya mbuzi. Mbithe alisoma, sauti yake ikizidi kupungua kila mstari.

"Chanjo ya ugonjwa wa sotoka wa mbuzi na kondoo inaendelea. Chanjo ni ya bure. Maafisa wetu wanaanza na maboma ya wafanyabiashara karibu na masoko. Kila mnyama aliyechanjwa anapuliziwa rangi ya buluu mgongoni ili asichanjwe mara ya pili. Wafugaji wengine, leteni mbuzi wenu kwenye josho kila Jumanne asubuhi..."

Tarehe ya tangazo ilikuwa ya kabla ya video ya kwanza ya mbuzi. Lilikuwepo siku zote. Lilikuwa limefukiwa chini ya nyoka.

"Mbuzi wa Abukar ndio wenye afya," Mwongeli alisema taratibu. "Walio hatarini ni wetu." Alisimama, akajifunga leso upya. "Twende, Mbithe."

"Wapi, Mwaitu?"

"Unajua wapi."

Mbithe alizoea njia ya nyuma, lakini mama yake alimwongoza mpaka mbele, kwenye lango la bati. Mzee Abukar alikuwa akiwamwagia mbuzi maji kwenye hori. Hani alisimama mlangoni mwa nyumba, ufagio mkononi, akabaki hapo hapo.

Mbithe alikuwa amejipangia maneno mazuri njiani. Yote yalimpotea. "Mzee, ni mimi," alisema. "Video ni mimi. Niliona sindano nikadhani ni sumu. Na Hani aliponiuliza, nilimdanganya. Naomba mnisamehe."

Mzee Abukar aliweka ndoo chini. Alikuwa mtu mrefu, lakini siku hiyo mabega yake yalikuwa yameshuka.

"Nimekujua tangu ukibebwa mgongoni," alisema. "Umekula kwangu sikukuu ngapi? Siku ile nilikuwa hapa, nawe ulikuwa pale, hatua chache tu. Ungeita, 'Mzee, mnafanya nini?' Ningekujibu. Yule kijana wa chanjo angekuonyesha hata sindano." Alinyoosha mkono kuelekea nyuma ya boma. "Ule ua una tundu la kuchungulia, sikatai. Lakini una lango pia."

Machozi yalimtoka Mbithe. Alimtazama Hani. Hani aliinama akaendelea kufagia, ingawa mahali hapo palikuwa safi tayari.

"Samahani tumeisikia," Mzee Abukar alisema. "Lakini si mimi peke yangu niliyeiona ile video. Waliosikia uongo wako ni wengi."

Mbithe alielewa. Walipofika nyumbani alifungua kundi lilelile la simu, akafuta video, akaweka sauti yake tena. Safari hii hakuhema. Alitaja jina lake, akasema alikosea, akaeleza alama ya buluu ni ya nini, na chini akaweka tangazo la ofisi. Ilimshangaza kuona jinsi uongo ulivyokuwa mwepesi kutuma, na ukweli ulivyokuwa mzito kidoleni.

Hata hivyo, mashaka hayakuondoka kwa siku moja. Jumamosi wanawake walikuwa nyuma ya jikoni kwa Susu Kalekye. Shamba lilikuwa limekwisha, na sasa walikuwa wakichambua ndengu kwenye nyungo. Mbithe alipofika, hakuna aliyemsogezea kiti.

"Wewe msichana," Susu Kalekye alisema bila kuinua macho kutoka kwenye ungo wake. "Juzi uliniambia umeona kwa macho yako. Leo unaniambia umesoma kwenye simu. Simu ni ileile. Nikuamini ya siku gani?"

Wanawake waliguna. Lilikuwa swali la haki.

Mbithe alimnyooshea simu. "Usiniamini, Susu. Wala usiiamini simu. Namba ya afisa iko hapa. Tafadhali mpigie wewe mwenyewe."

Susu alimtazama, kisha akafuta mikono, akapokea simu. Afisa aliyejibu alikuwa mwanamke, na sauti yake ilisikika kwa wote. Alieleza habari ya chanjo kwa Kikamba, akamtaja kwa jina kijana wa gambuti na kijiji anakotoka, kisha akauliza, "Mama, nyinyi ni wale wa mwethya ya mlimani? Mbona kwenu hakuna aliyejiandikisha? Ugonjwa umekwisha kuonekana tarafa ya jirani."

Susu Kalekye alirudisha simu.

"Huyu ana jina na ana ofisi," alisema. "Akinidanganya, najua mlango wa kubisha. Yule anayelia ndani ya simu nani anamjua? Anakaa wapi?" Akachota ndengu kiganjani, akatoa kijiwe, akakitupa nyuma yake. "Mbithe, keti hapa. Hiyo simu nayo ina mawe. Leo tunaichambua."

Wakaichambua. Mbithe alitaja ukurasa mmoja mmoja, na wanawake wakauliza: Huyu ni nani? Yuko wapi? Tukimtaka tutampata? Wasiokuwa na jina wala makao waliondolewa. Nyoka walikwenda, mchele wa plastiki ukaenda, wote walioanza na "ndugu zangu, kimbieni" wakaenda. Ofisi ya mifugo ilibaki, na ya mvua, na kliniki, na shule. Waliongeza mkulima mmoja aliyefundisha kupogoa miparachichi, naye Mwongeli akataka arudishwe mara mbili.

"Mrudishe na mara ya tatu," Susu aliamuru. "Simu ihesabu hiyo!"

Walipofika kwa kijana mmoja mchekeshaji, Mbithe aliuliza kama naye aende.

"Huyo mwacheni!" wanawake walipiga kelele.

"Abaki," Susu alikubali. "Huyo anatuchekesha mchana kweupe. Hajamdanganya mtu kwamba anasema ukweli."

Jumanne asubuhi, kabla ya masomo, njia ya josho ilijaa mbuzi wa mwethya. Mbithe alimshika mbuzi wao kwa pembe. Kijana wa gambuti alidunga, mbuzi akalalamika, na *shhh*, alama ya buluu ikatua mgongoni. Alipoinua kichwa, alimwona Mzee Abukar akija na mbuzi wachache aliowapata juzi. Nyuma yake alikuwa Hani.

Hani alisimama kando ya Mbithe. Alimtazama yule mbuzi kwa uso mkavu, bila kutabasamu.

"Ndugu zangu, kimbieni," alisema kwa sauti ya kilio. "Ana buluu mgongoni. Figo zenu zimekwisha."

Mbithe hakujua acheke au alie. Alifanya yote mawili.

"Bado nimekasirika," Hani aliongeza haraka.

"Najua."

"Kidogo tu."

Pale pale joshoni, mbele ya watu wote, Susu Kalekye alimsalimu Mzee Abukar kwa mikono miwili, akamwomba radhi kwa niaba ya kundi, akamwambia wanakuja kuchukua mbuzi wao. Mzee alicheka kwa mara ya kwanza katika siku nyingi. Habari za Athi River hazikutajwa tena.

Njiani kwenda nyumbani, Mwongeli alitembea na binti yake, mbuzi akiwatangulia.

"Nimefikiria," alisema. "Simu haitujui. Inajua tu tunachokitazama, ikatuletea hicho hicho kwa wingi, mpaka tukadhani dunia nzima iko hivyo. Kuchagua cha kutazama ni kazi yetu, tusiiachie yenyewe. Na jambo likikutia shaka, mwanangu, kabla hujamwambia mwingine, nenda ukamuulize anayehusika. Nilipaswa kukufundisha hayo kabla sijakupa simu. Basi tumejifunza pamoja."

"Ndiyo, Mwaitu," alijibu Mbithe. Hakuwa ameitika neno kwa moyo mzima namna ile kwa siku nyingi.

Jioni alichukua kitabu cha hisabati, akakata njia ya nyuma ya soko kama alivyozoea. Tundu la ua bado lilikuwepo, na tawi lililopinda, na kamba yao kuukuu. Ndani alimsikia Hani akiimba huku akiosha vyombo. Mbithe alisimama hapo kidogo.

Kisha akazunguka boma lote mpaka mbele, akafika kwenye lango la bati, akabisha hodi.